Rudisha bakuli la maji: mtoto wa mbwa aliyezaliwa na figo ambazo hazikukomaa

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina Shih Tzu jike wa miezi minane, anaitwa Lulu, tulimchukua akiwa na wiki tisa. Tangu mwanzo anakunywa maji sana na kukojoa ndani, mpaka nikaanza kumwondolea bakuli la maji kila ikifika saa mbili usiku. Ana kilo 3.2, wakati dada yake wa uzao mmoja, aliyeko kwa jirani, ana kilo 5. Mwezi uliopita alianza kutapika asubuhi na kususia chakula. Kliniki ya kwanza walipima damu wakasema kreatinini ni 3.1. Wiki mbili baadaye kliniki nyingine wakapata 289, nikalia. Ultrasaundi imeonyesha figo ndogo zote mbili. Shemeji yangu anasema mbwa kalishwa sumu, mama mkwe anasema ni chumvi ya chakula chetu. Je, ni kosa letu? Atapona? Na jirani anataka kumzalisha huyo dada yake, nimwambie nini? (Mama Neema, Arusha)

Jibu: Mama Neema, kabla hujasoma mengine, rudisha bakuli la maji na libaki hapo usiku na mchana. Ikiwezekana weka mawili, moja karibu na anapolala.

Naelewa kwa nini uliliondoa. Karibu kila mwenye mbwa anayekojoa ndani hushauriwa hivyo, na kwa mbwa mwenye figo nzima si neno. Figo nzima ikikosa maji hubana mkojo, ukatoka kidogo, mzito, wa njano iliyokolea. Figo za Lulu haziwezi kubana. Maji yanapita tu, anywe asinywe. Kwa hiyo si kwamba anakojoa sana kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa sana kwa sababu anakojoa sana, na bakuli ndilo linalomweka hai. Ukiliondoa saa mbili usiku, kufikia alfajiri ameshapoteza maji ambayo hakuyarudisha, mzunguko wa damu umepungua, na zile sehemu chache za figo zinazofanya kazi zinakosa hata damu ya kuchuja. Kule kutapika asubuhi huenda kunachangiwa na hilo. Na tafadhali asichapwe kwa kukojoa ndani. Mtoe nje unapokwenda kulala na tena ukiamka, katikati tandika magazeti, basi.

Sasa zile namba za kreatinini zilizokuliza. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo hutakiwa kuichuja kutoka kwenye damu. Hazikupanda kutoka 3 hadi karibu 300. Kliniki ya kwanza ilikuandikia kwa miligramu kwa desilita, ya pili kwa maikromoli kwa lita. Ukitaka kuzilinganisha, zidisha ile ya kwanza kwa 88.4. Kreatinini ya 3.1 inakuwa 274. Kutoka 274 hadi 289 katika wiki mbili ni tofauti ndogo, ambayo hata mbwa aliyenyimwa maji usiku mmoja anaweza kuionyesha. Kila ukipokea karatasi ya majibu, angalia kizio kilichoandikwa pembeni ya namba, na ukiweza mpime Lulu maabara ileile kila mara.

Hilo halina maana kwamba namba ni nzuri. Katika mpangilio wa IRIS, ambao madaktari wa mifugo duniani huutumia kupanga ugonjwa sugu wa figo katika hatua nne, mbwa mwenye kreatinini kati ya 251 na 440 yuko hatua ya tatu. Tena mtoto wa mbwa, kwa kuwa misuli yake bado ni kidogo, hutakiwa kuwa na kreatinini ya chini kuliko mbwa mzima, wakati viwango vya kawaida vinavyochapwa kwenye karatasi za maabara kwa kawaida ni vya mbwa wazima. Ndiyo maana watoto wengi wenye ugonjwa huu huambiwa “damu iko sawa” wakiwa na miezi minne, kumbe tayari mambo yamekwenda kombo. Fosforasi, madini ambayo nayo hutolewa na figo, ni kinyume chake: mbwa anayekua huwa nayo nyingi kidogo kwa sababu ya mifupa, kwa hiyo usishtuke ikizidi kwa nukta mbili tatu.

Kipimo ambacho sikukiona katika barua yako, nacho ni cha bei ndogo kuliko vyote, ni uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Kinafanywa kwa kifaa kidogo kiitwacho refraktomita na kinataka matone mawili matatu tu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Lulu ni mfupi, kwa hiyo usihangaike na kikombe: chukua upawa au kifuniko cha ndoo, kioshe kwa maji moto na ukiache kikauke, mfuate taratibu kwa nyuma, na anapochuchumaa usukume chini yake. Mimina kwenye kichupa kisafi, ufikishe kliniki asubuhi hiyohiyo. Mbwa mwenye figo nzima aliyelala usiku kucha kwa kawaida huvuka 1.030. Ukikuta kati ya 1.008 na 1.012, figo zimeacha kubana na pia zimeacha kuzimua, zinapitisha tu. Pima na maji anayokunywa: jaza chupa ya nusu lita, ongeza bakulini kutoka kwenye chupa hiyo tu, na baada ya saa 24 hesabu kilichotumika ukitoa kilichobaki bakulini. Kwa kilo zake 3.2, zaidi ya mililita 320 kwa siku ni kupita kiasi. Hapa lengo ni kujua tu, si kumpunguzia.

Kuhusu kosa ni la nani. Kila figo ya mbwa ina vichujio vidogo sana, nefroni, vinavyokaribia laki nne. Vinaanza kujengwa mtoto akiwa tumboni, na kwa mbwa kazi hiyo haikamiliki siku ya kuzaliwa. Inaendelea wiki mbili hadi tatu baadaye, wakati macho yanafumbuka. Kwa watoto wa aina ya Lulu ujenzi huo huharibika njiani. Ukikata kipande cha figo kama hiyo na kukitazama kwa hadubini, unakuta vichujio vilivyokomaa vimechanganyika na vingine ambavyo vimebaki vya kijusi, vidogo, vimejikunyata, na kati yake nyama changa ambayo haikupaswa kuwepo. Wataalamu huita hali hiyo displasia ya figo. Shih Tzu na binamu yake Lhasa Apso ni miongoni mwa mbegu zinazojulikana zaidi kwa ugonjwa huu, ingawa umeelezwa pia kwa Poodle wakubwa, Golden Retriever, Soft Coated Wheaten Terrier na wengine.

Mtoto huyo huanza maisha na mtaji mdogo. Vichujio vichache vilivyo vizima hubeba mzigo wa vyote, vinapanuka, vinachoka, vinakufa kimoja kimoja. Theluthi mbili zikishakwenda, uwezo wa kubana mkojo unapotea, na hapo ndipo mwenye nyumba anaona maji yanakwisha bakulini. Robo tatu zikishakwenda ndipo kreatinini inapanda. Kwa maneno mengine, ile siku ulipomleta nyumbani akiwa na wiki tisa, mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Wewe hukuwepo.

Basi chumvi ya chakula chenu haikutengeneza hili, ingawa haimfai. Na sumu? Shemeji hajakosea kuiwaza, maana figo za mbwa huweza kufa kwa sumu, kwa zabibu, kwa vidonge vya maumivu vya binadamu. Huweza pia kufa kwa homa ya mgunda, ile iliyosumbua watu Lindi mwaka 2022, ambayo mbwa huipata kwenye maji na udongo wenye mkojo wa panya. Lakini magonjwa hayo huja ghafla: mbwa aliyekuwa akiruka jana leo hainuki, pengine ana homa, macho na fizi za njano, na figo zikipigwa picha huwa za ukubwa wa kawaida au zimevimba. Figo haiwezi kunywea ndani ya wiki moja. Lulu wako ana figo ndogo zote mbili, hakukua sawa na dada yake, na amekuwa akinywa maji kupita kiasi tangu ana wiki tisa. Historia hiyo peke yake inanitosha kumwachia huru mtu yeyote anayeshukiwa kumtilia sumu. Kama mmeshaanza kumnywesha maziwa ya kuondoa sumu, au maji ya chumvi ili atapike, acheni. Maziwa yana fosforasi nyingi, na maji ya chumvi kwa mbwa wa namna hii ni hatari kabisa.

Mpigapicha wako akirudia ultrasaundi, mwombe apime urefu wa figo na upana wa aota, mshipa mkuu unaopita jirani yake. Kwa mbwa wa kawaida urefu wa figo ni walau mara tano na nusu ya upana huo. Uwiano huu una faida kwa mbwa mdogo kama Lulu, maana “ndogo” kwa Shih Tzu na “ndogo” kwa German Shepherd si kitu kimoja. Aangalie pia kama ganda la nje la figo na sehemu ya ndani bado vinatofautishika.

Kuna jambo moja ningependa liondolewe mashakani kabla ya kuandika displasia kwenye faili lake: maambukizi ya bakteria yaliyopanda hadi kwenye figo. Yakikaa muda mrefu huacha makovu na figo ndogo zinazofanana sana na hizi, na tofauti yake ni kwamba yanatibika. Tena mkojo mwepesi kama wa Lulu hukaribisha bakteria, kwa hiyo anaweza kuwa na vyote viwili. Daktari achote mkojo moja kwa moja kwenye kibofu kwa sindano, uoteshwe. Inasikika kama jambo kubwa, lakini huchukua nusu dakika na mbwa wengi hawashtuki. Maabara inayootesha mkojo wa binadamu inaweza kuotesha na wa mbwa. Apimwe pia homa za kupe, maana huku kwetu kupe wa kahawia hawakosekani, na baadhi ya magonjwa yao hufanya figo zivujishe protini.

Kipimo pekee kinachothibitisha displasia bila ubishi ni kukata kinyama cha figo. Kwa Lulu sikishauri. Ana kilo tatu, figo ni ndogo, huenda damu imeshapungua, na jibu lolote litakalotoka halitabadilisha matibabu. Wapo wenzangu wanaopenda kuwa na uhakika. Mimi uhakika wa namna hiyo nauacha upite.

Atapona? Hapana, Mama Neema. Vichujio ambavyo havikujengwa havijengwi tena, na hakuna dawa wala mti shamba unaovirudisha. Lakini kati ya kutopona na kufa kesho kuna nafasi pana. Watoto walioathirika sana hufa kabla ya kutimiza mwaka au miaka miwili. Walioathirika kidogo huishi miaka, na wengine hugunduliwa ukubwani wakipimwa kwa sababu nyingine. Hatua ya tatu katika miezi minane si habari njema. Hata hivyo namba moja ya siku moja aliyopungukiwa maji haitoshi kutabiri. Mnyweshe, mlishe vizuri, mpime tena baada ya wiki mbili hadi nne, na mwelekeo wa namba hizo ndio utakaokwambia mengi.

Chakula ndicho chenye kazi kubwa, na hapo ndipo nyumba zetu hukosea kwa nia njema. Mbwa akikonda tunamwongezea dagaa, supu ya mifupa, maini, na wengine unga wa mifupa ili “apate nguvu”. Vyote hivyo vimejaa fosforasi, labda supu tu ndiyo yenye nafuu, nayo mara nyingi ina chumvi na vitunguu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa. Figo dhaifu haitoi fosforasi. Ikijaa kwenye damu, mwili huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili kusawazisha, na kwa mbwa anayekua mifupa ya uso ndiyo huanza kulipa. Mnyanyue Lulu mdomo wa juu utazame: fizi ziwe za waridi, zikiwa nyeupe damu imepungua. Halafu shika taya la chini kwa kidole gumba na cha shahada, ulibonyeze kidogo sana. Linapaswa kuwa gumu kama kijiti. Likinesa, au meno yakicheza, au ukiona pua na mashavu yametuna, mpeleke haraka apigwe eksirei ya kichwa, na tangu siku hiyo asipewe mfupa wala kitu kigumu, maana taya hilo linaweza kuvunjika kwa kutafuna tu.

Kuna vyakula maalumu vya figo vya mbwa, vya kuagiza, na bei yake inauma. Ukivimudu, vitumie ukijua kwamba vimetengenezwa kwa ajili ya mbwa wazima na protini yake ni ndogo; Lulu bado anakua, kwa hiyo daktari wako apime kama aongezewe. Ukishindwa, chakula cha nyumbani kinawezekana: wali laini, nyama ya kusaga kidogo isiyoondolewa mafuta yote, mafuta ya kupikia kijiko kwa ajili ya nguvu, na yai lililochemshwa, ute mweupe zaidi kuliko kiini. Ute ni protini safi sana yenye fosforasi kidogo mno. Fosforasi ya yai imekaa kwenye kiini. Maganda ya mayai yaliyooshwa, kukaushwa na kusagwa unga laini huongeza kalsiamu na kushika fosforasi ya chakula tumboni. Kiasi chake apange daktari akiwa na majibu ya damu mkononi, kwa sababu kalsiamu ikizidi nayo huumiza figo. Kwa hatua ya tatu tunalenga fosforasi isiyozidi 1.6 kwa milimoli, yaani 5.0 kwa miligramu, ingawa kwa mbwa anayekua hatufiki hapo sawasawa kila mara. Chakula kikishindwa kuifikisha, kuna dawa za kuishika zinazochanganywa na mlo, na zikitolewa tumboni mtupu hazina kazi.

Mpe kidogo kidogo mara nne kwa siku, kikiwa vuguvugu kinukie. Usimlazimishe kwa kumshindilia mdomoni, atakichukia chakula hicho moja kwa moja. Kichefuchefu kinatibika: sindano na vidonge vya kuzuia kutapika vipo, na mara nyingi mbwa “asiyependa chakula” hula siku ileile kichefuchefu kikitulia. Katika ugonjwa huu dawa hizo naziona ni za lazima tangu mapema.

Mengine nayapitia haraka. Protini ya mkojo ipimwe kwa uwiano na kreatinini, ikizidi 0.5 kwa kudumu, kuna vidonge vya kuipunguza. Shinikizo la damu lipimwe kama kliniki ina mkanda mdogo wa mguu wa mbwa wa kilo tatu, maana likipita 160 kwa muda huweza kumpofusha. Asipewe ibuprofeni, diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya jamii hiyo, hata zile za mbwa. Na akiandikiwa antibiotiki, uliza kwa jina kama ni gentamisini: inatumika sana huku kwa sababu ni rahisi, nayo hushambulia figo. Sema tu, “Daktari, mbwa huyu ana figo,” kila unapofika kwa mtu asiyemjua.

Siku atakapokuwa anakunywa lakini bado anakaukiwa, daktari anaweza kukufundisha kumwekea maji ya dripu, Ringer's lactate, chini ya ngozi ya mabega, nyumbani, kwenye kochi. Utaona nundu ya maji inayotelemka hadi mguuni na kupotea baada ya saa kadhaa, ni kawaida. Kiasi apange yeye. Nimeona akina mama na watoto wa shule wakifanya hivyo vizuri kuliko wauguzi.

Na itakapofika siku hali chakula kwa siku mbili tatu licha ya dawa, mdomo unanuka amonia, ana vidonda kwenye ulimi, na hainuki kukulaki mlangoni, usimsubirie muujiza. Daktari anaweza kumlaza usingizi wa milele bila maumivu. Uamuzi huo ni wenu nyumbani, usiachiwe kreatinini.

Nimeacha jirani kwa makusudi, kwa sababu swali lake lina uzito kuliko anavyodhani. Ugonjwa huu unakwenda kwa ukoo. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa machoni na hata kwenye damu, huku wakiwa na vichujio vichache vya kijusi ambavyo havijawahi kuwasumbua, wakazaa mmoja kama Lulu na wanne wanaoonekana salama. Kwa mbegu nyingine mambo ni mepesi: Cocker Spaniel wa Kiingereza wana ugonjwa wao wa kurithi wa figo unaotokana na kasoro ya jeni iitwayo COL4A4, mtoto huugua akirithi kwa wazazi wote wawili, na kipimo cha DNA kinamtambua mbebaji. Hata Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka, ana kipimo cha ugonjwa wake wa figo zinazovujisha sukari. Kwa Shih Tzu hakuna kipimo cha DNA ambacho wataalamu wote wanakikubali, kwa hiyo anayekuuzia cheti cha “figo safi” muulize vizuri kinapima nini.

Mwambie jirani ampeleke dada yake akapimwe uzito wa mkojo wa asubuhi, kreatinini, protini ya mkojo, na ultrasaundi ya figo. Kuna kipimo cha damu cha SDMA kinachowahi kuliko kreatinini na hakidanganywi na udogo wa misuli; kikipatikana, afanye. Vikitoka vibaya, mapema hii itamsaidia mbwa mwenyewe. Vikitoka vizuri, afurahi kwamba ana mbwa mzima nyumbani, lakini asimzalishe hata hivyo, kwa sababu majibu mazuri hayaonyeshi anachobeba. Afungwe kizazi. Lulu yeye asifungwe kwa sasa, nusukaputi ni mzigo kwa figo zake. Akiingia joto mfungie ndani mbali na madume.

Na aliyewauzia apigiwe simu, bila ugomvi, atumiwe picha ya majibu ya Lulu. Muulizeni kama dume na jike ni ndugu, na kama kuna watoto wengine wa uzao huo au wa uzao uliotangulia waliokufa wadogo wakinywa maji mengi. Jozi hiyo isipandishwe tena.